Mwaka Tuliomlilia Tonton Ramazani Akiwa Hai

Tonton Ramazani amekufa mwezi uliopita kule Yangambi, na safari hii ni kweli. Simu ilinikuta nachambua sombe, majani ya muhogo, mlangoni, hapa Kisangani, na badala ya kulia nikauliza, "Amekufa kweli kweli?" Binti yake wa mwisho, aliyekuwa upande wa pili, alinijibu kwa sauti ya mtu anayemvumilia mzee. Simlaumu. Alizaliwa huko Yangambi miaka mingi baada ya mambo yale, na baba yake hakuwa mtu wa kusimulia. Lakini mimi nilikwisha kumlilia baba yake mara moja, tena kwa machozi ya kweli, wakati mwenyewe ameketi chumba cha pili anakula samaki. Sasa machozi yakakataa kuja, nikabaki nimeshika majani ya sombe, nikiona haya. Yalikuja kesho yake sokoni, nilipomwona mama mmoja anauza chikwange, ile mikate ya muhogo, zilizofungwa vizuri kwa majani mapana, na sikuwa na namna ya kumweleza kwa nini meza yake inaniliza.

Wiki hiyo hiyo vijana wenye vesti za rangi walikuja mtaani kwetu kusimika kibao kwenye chemchemi yetu ya bondeni. Kibao kinasema hapa ni mahali pa kuhifadhiwa. Ni vijana wazuri, wana adabu, wanajua majina ya ndege. Mmoja akaniuliza, mama, mliwezaje kupatunza hapa, wakati mabonde mengine ya mji yamejaa nyumba na takataka? Nikamjibu kwamba ni Mungu tu. Jibu hilo lilinikera siku nzima, maana Mungu mwenyewe anajua alitumia watu gani, na watu hao wana majina.

Mwaka ule nilikuwa nimefika Kisangani kusomea ualimu, nikakaa kwa tantine Asha, mdogo wa mama yangu, na mume wake Ramazani. Nyumba ilikuwa na vyumba vitatu na jiko la nje. Sebule haikuwa sebule, ilikuwa kiwanda cha fundi: mashini ya kushona dirishani, pasi ya makaa, chaki, vipande vya kitambaa kila kona, na abacost tatu nne zimening'inia ukutani, zile koti zisizovaliwa na tai, ambazo kila mwenye cheo alitakiwa avae. Jioni, kabla taa haijawashwa, zilifanana na wanaume waliosimama wanasikiliza. Juu yake ilikaa picha ya Rais. Tonton alikuwa fundi hodari, mwembamba, mpole kupita kiasi, mtu wa kusema "tutaona" kwa kila jambo, na kwa upole huo chama kikamfanya chef wa selule, yaani mkubwa wa chama pale mtaani, kazi ambayo hakuiomba na asingeweza kuikataa. Chama kilikuwa kimoja tu, na hakuna aliyeulizwa kama anataka kuingia. Tulizoea kusema chini chini. Nilijifunza upesi kwamba mashini ikizunguka, maneno yaliyo chini yake ndiyo ya kusikiliza, kwa sababu tonton alikuwa na desturi ya kuikanyaga bila uzi ili sauti ya tantine isitoke nje. Tantine hakuwa mpole.

Nyuma ya nyumba zetu ardhi ilishuka kwenye bonde, na bondeni palikuwa na chemchemi, miti mikubwa michache, mitende ya rafia iliyosimama ndani ya tope, na majani mapana ya kufungia chakula yaliyojaa kila mahali. Tulipaita Ku Mayani, yaani kwenye majani. Mtaa mzima ulichota maji pale, na akina mama wa chikwange, tantine akiwa mmoja wao, walikata majani yao pale. Siku ya kwanza niliposhuka na kisu nilipigwa kofi mkononi na Mama Lotika, mke wa mvuvi wa kwenye maporomoko, mwanamke ambaye sauti yake ilikuwa imekulia kando ya maji yanayonguruma na haikujua kushuka. Nilikuwa nimekata jani changa, lile ambalo bado limejikunja. Alinieleza kwamba jani kuukuu na jani changa ni mama na mtoto, hawaguswi, unakata yale ya katikati. "Huyu mutoto ukimukata leo, kesho utafunga chakula na nini? Na nywele yako?" Wenzake walicheka mpaka wakaweka ndoo chini. Nilimchukia juma zima, kisha nikawa simwachi. Ndiye aliyenionyesha vyura wadogo chini ya mizizi ya rafia, na kaa, na vidagaa vya kambale vinavyopanda kutoka mto mkubwa maji yakijaa, vikajificha humo mpaka vikue. Mume wake, alisema, anawavua hao hao mwaka unaofuata, kwa hiyo anayekanyaga pale anamkanyagia sufuria.

Palikuwa na sheria nyingine ambayo sikuielewa mpaka ilipotuokoa na kutuponza. Mtu akifa mtaani, awe Mkristo ama Mwislamu, Ku Mayani panafungwa. Akina mama wanafunga kamba ya rafia kuziba njia, na hakuna panga linaloshuka mpaka mwenye matanga ainuke. Maji unachota, jani hukati. Hakuna aliyeniambia sababu, na nilipomuuliza tantine alishangaa swali lenyewe. Mimi nilichoona ni kwamba kila baada ya matanga majani yalikuwa yamejaa tena.

Komisera mpya wa zone, mkuu wa serikali wa sehemu yetu ya mji, aliletwa kutoka mbali, kama walivyoletwa wote, ili asiwe na ndugu hapa. Aliongea Lingala na Kifaransa. Tonton alikwenda kumsalimia ofisini akawekwa barazani mpaka jioni, akarudi bila kuonana naye. Amri zote zililetwa na sekretari wake, kijana wa mtaa wetu aliyeshonewa abacost yake ya kwanza pale pale sebuleni. Ndiye aliyeleta amri ya bonde: sikukuu ya chama inakaribia, mtaa hauna uwanja wa kuchezea ngoma za kumsifu Rais, kwa hiyo Jumamosi kwenye salongo, ile kazi ya lazima ya kila juma, watu wafyeke Ku Mayani yote na kuijaza udongo. Chef wa selule atajibu mwenyewe kama kazi haikufanyika. Kijana alisoma hayo akitazama sakafu, kisha akaomba maji ya kunywa.

Jioni ile tulikula lituma, ndizi za kupondwa, na samaki aliyeokwa ndani ya majani, na hakuna aliyemaliza. Mama Lotika aliingia bila kubisha, akakaa kwenye kigoda cha wateja, akamuuliza tonton kama ni kweli. Tonton akasema tutaona. Hapo mama yule alimtolea maneno ambayo mpaka leo naona taabu kuyaandika. Mtaa wa jirani ulikuwa umeziba bonde lake mwaka uliotangulia kwa amri kama hiyo, chemchemi yao ikafa, watu wakaanza kuchota mferejini, na mtoto wa dada yake Mama Lotika akaharisha siku chache tu akazikwa. Tonton alijua, maana alikwenda kwenye kilio hicho. Alianza kukanyaga mashini bila uzi. Alisema kwa sauti ya chini kwamba akikataa atafungwa, na akifungwa ataletwa mwingine ambaye atafyeka vilevile, donc bonde litakufa na yeye pia. "Bon," Mama Lotika akasema, "kufa basi wewe, siye tubaki na maji." Tantine alisimama akamwambia atoke ndani ya nyumba yake. Niliwapenda wote watatu na nilijua kila mmoja amesema kweli.

Lakini Ijumaa niliporudi kutoka shule niliwakuta tantine na Mama Lotika jikoni, vichwa vimegusana juu ya sufuria, kama hawajawahi kugombana. Walikuwa wamewaita wanawake wengine watano sita. Mpango ulikuwa mwepesi: asubuhi watafunga kamba ya rafia, watatandika mikeka kuziba njia, watavua vitambaa vya kichwa, watajipaka majivu, watalia. Mwanamume wa mtaa wetu asingeruka mkeka wa matanga hata kwa bunduki. Na komisera, ingawa mgeni, amezaliwa na mwanamke, ataheshimu. Walipanga nani ataanza kilio, nani atashika watoto, nani atapika chai ya watu. Walipanga hata nani atazirai. Mimi niliketi mlangoni nikimenya ndizi, na moyo ulinienda mbio kwa furaha. Tonton hakuambiwa neno, ili akiulizwa asiwe na la kuficha.

Jumamosi wanaume walishuka na mapanga na majembe, tonton katikati yao amevaa shati kuukuu la kazi, uso wa majivu bila kupakwa majivu. Walipoona mikeka walisimama wenyewe. Hakuna aliyewaamuru. Mapanga yalishuka, mmoja wao akavua kofia. Kilio kilikuwa kikubwa, na mimi nililia pia, tena nilishangaa jinsi ilivyokuwa rahisi. Kisha jeep ikafika, akashuka komisera na sekretari wake na askari wawili. Alikuwa mtu mfupi, safi, mwenye uso uliochoka. Aliinua mkono, kilio kikapungua. Akauliza kwa Lingala nani amekufa.

Hapo ndipo tulipogundua tulichosahau. Wanawake wale walipanga kila kitu isipokuwa maiti. Si kwamba walikuwa wajinga, ni kwamba hakuna hata mmoja aliyethubutu jikoni kutamka jina la mtu aliye hai. Kumtaja mzima kwamba amekufa ni kumwitia kifo, nani angemtaja mume wake, nani angemtaja mama mkwe? Kila mmoja aliliruka jambo hilo akidhani mwenzake atalishika. Mama Lotika alifungua mdomo, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue, hakikutoka kitu. Tantine alitazama mkeka. Komisera aliuliza tena, polepole. Akasema kama hakuna aliyekufa basi kuna watu wanaochezea chama, na watu hao atawajua leo hii. Askari mmoja alikwisha kumshika mkono mwanamke wa mbele. Komisera akageuka kwa wanaume akauliza chef wa selule ni nani, ajitokeze.

Nilimwona tonton akiweka jembe chini, taratibu, kama mtu anayeogopa kuamsha mtoto. Akasonga mbele. Nilijua amekwisha.

"Ni yeye amekufa, citoyen komisera," akasema. "Chef wa selule, Ramazani. Tumemuzika jana. Siye Waislamu hatulazi maiti."

Sekretari, kijana yule, alikuwa amesimama hatua chache tu kutoka kwake, ndani ya abacost iliyoshonwa na mikono ile ile. Alimtazama tonton usoni. Mama mzazi wa kijana alikuwa mkekani, kichwa wazi, ndoo yake ya maji kando yake. Komisera akamgeukia kijana kana kwamba anangoja athibitishe, na kijana akainamisha kichwa na kusema kwamba marehemu alikuwa mtu wa maana sana. Komisera alivua kofia. Alisema mtumishi wa chama hawezi kufanyiwa dharau, kazi itangoja mpaka mjane ainuke kwenye matanga, na kwamba yeye mwenyewe atakuja nyumbani kutoa pole. Kisha wakapanda jeep wakaondoka, na wanawake wakaanza kulia upya, safari hii bila mpango wowote.

Nyumbani tantine alimngoja tonton afunge mlango, akampiga kifuani kwa ngumi mbili. "Umejitaja. Kinywa yako mwenyewe." Tonton alijibu bila kukasirika, "Na ningemutaja nani, Asha?" Tantine alimshika shati akaliegemea, wakasimama hivyo katikati ya sebule mpaka nikaona heri nitoke nje. Maji yalikwisha kumwagika, hayazoleki. Mwalimu wa msikiti aliitwa, akasikiliza yote, akafikiri sana. Akasema kwamba yeye hakuona maiti, na tangu aingie hakumwona pia mume wa mwanamke huyu, kwa hiyo hana la kuuliza. Akanywa chai akaondoka. Tantine akatandikiwa mkeka chumba cha ndani, akaanza eda ya mume aliye hai.

Tonton tulimficha stoo, kati ya sebule na jiko, mahali tantine alipoweka majani yake yaliyofungwa mafungu mafungu. Palikuwa na harufu ya mboga mbichi na ubaridi mzuri. Nilimpelekea chakula chini ya kanga. Na watu wakaja, jamani, mtaa mzima ulikuja! Wote walijua, wote walimwona kwa macho akijitangaza amekufa, lakini matanga yakishatandikwa yana nguvu yake. Walianza kama mchezo, wakajikuta wanasema kweli. Mzee mmoja alisimulia jinsi marehemu alivyomshonea suruali ya harusi bure akamkataza kusema. Mwingine alisema marehemu alikuwa mwoga, lakini mwoga asiyemsaliti mtu. Ukuta wa stoo ulikuwa wa udongo na mlango wake pazia, neno lilipita kama maji kwenye kapu. Nilikuwa nimechuchumaa mbele ya tonton na sahani ya samaki, naye aliacha kutafuna, akasikiliza. Mama Lotika alipopewa nafasi alisema maneno machache tu, kwamba yeye alimwambia mtu huyu afe, naye akafa. Kisha akalia vibaya sana, na mimi nikalia na sahani mkononi.

Komisera alitimiza ahadi. Alikuja alasiri moja na gunia la mchele, akakaa sebuleni kwenye kiti cha fundi, mkono mmoja juu ya mashini. Alikuwa na huzuni ya kweli, nadhani alikuwa mpweke. Akatazama abacost ukutani na kuiona moja iliyokuwa yake, aliyoiagiza kwa mkono wa sekretari, bado haijawekwa vifungo. Aliomba aijaribu. Nilimshikia koti nikimwelekeza dirishani, maana stoo ilikuwa nyuma yake, pazia tu kati yao. Akajinyoosha, akageuka huku na huku, akapitisha kidole kwenye mshono wa bega. Alisema kwamba hajawahi kuvaa koti linalomkaa hivi, na kwamba ni hasara kubwa. Nyuma ya pazia majani yalichakacha. Komisera akauliza ni nini. Tantine, kutoka chumba cha ndani, akasema ni panya, wamezidi tangu mwenye nyumba aondoke, kisha akalia kwa sauti, na komisera akaona haya kuuliza zaidi. Mlangoni aliniambia nimfikishie mjane neno: salamu zake, na asijiharakishe, kwa sababu kazi ya uwanja itaanza siku ile ile atakayoinuka.

Kwa hiyo stoo haikuwezekana tena. Tonton alikuwa na binamu Yangambi, mume wa Mama Lotika alikuwa na pirogi, yaani mtumbwi, na mtu anayekwenda Yangambi mchana na mzigo wa samaki wakavu haulizwi kitu. Nikifikiri leo, watu wanaponiambia kwamba kutunza msitu wa mjini ni suala la elimu, nakubali, nilifundisha elimu hiyo miaka yangu yote ya kazi, lakini moyoni nasema pia ni suala la nani atakaa wapi na kwa muda gani. Komisera alihamishwa kabla eda haijaisha, na aliyemfuata alikuwa na vita vyake vingine, hakuwahi kuuliza habari za uwanja. Tantine alimfuata mume wake baadaye, wakazeeka huko. Hayo sikuyajua siku ya tonton kuondoka. Siku ile nilijua kwamba tantine amekwisha kufunga mzigo wake, niliuona kwenye kona, nguo na sufuria ndogo ndani ya kitenge, na kwamba tonton ametangulia libongo, yaani gati ya pirogi, akanituma nirudi kumchukua.

Nilimkuta tantine ameketi mkekani, mgongo ukutani. Mzigo ulikuwa umefunguliwa. Sufuria imerudi mahali pake. Nilimwambia pirogi inangoja, maji yanashuka, tonton amesema aje kama alivyo, asibebe kitu. Aliuliza kama tonton amekula. Nikasema amekula. Aliuliza kama amevaa ile sweta, kwa sababu mtoni kuna upepo. Nikasema amevaa. Nje, bondeni, wanawake walikuwa wanateka maji, tulizisikia ndoo, na mtoto fulani akigombezwa asikojoe karibu.

"Muambie siwezi," tantine akasema. "Nikiinuka hapa, batakata."

Nilimbembeleza. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, nikaona ni ukatili, nikamwambia hivyo hivyo, kwamba bonde si mume. Alinitazama bila hasira. Akanyoosha mkono akanifuta uso kwa ncha ya kanga yake, kisha akaniambia niende, wasije wakamwona mtu amesimama sana.

Nilikimbia mpaka libongo. Tonton alikuwa kando ya pirogi, kofia ya mvuvi imemfika machoni. Nilimwambia maneno ya tantine kama yalivyo, sikuongeza, sikupunguza. Aliyasikiliza mpaka mwisho. Akaitazama njia niliyokuja nayo, kisha akaingia kwenye pirogi bila kushikwa mkono, akaketi upande mmoja wa ubao, akaacha nafasi ya mtu wa pili pembeni yake, na hivyo ndivyo walivyoondoka.